Goma: Ampuli iliyokaa miezi 16 ndani ya sanduku

Katika nyumba moja ya mbao, kartie ya Ndosho mjini Goma, kulikuwa na ampuli ya kioo ambayo haikuwahi kuvunjwa shingo. Ilifungwa ndani ya kitambaa, kitambaa kikawekwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo likawekwa chini kabisa ya sanduku la nguo. Juu ya kioo kuliandikwa adrenalini, miligramu 1. Mwenye nyumba, kijana wa miaka 27 anayeendesha pikipiki ya kubeba watu, hakumwonyesha mtu. Mama yake alijua kama iko. Hakuuliza.

Aliinunua siku ya yenga moja ya mwezi wa nne 2024, asubuhi ambayo baba yake alianguka. Aliifikisha ikiwa imechelewa. Tangu siku hiyo alikuwa na hakika moja tu: baba yake alikufa juu ya dawa hiyo kuchelewa, na aliyeichelewesha ni yeye.

Familia hiyo ilitoka Masisi mwezi wa pili 2024, wakati vita ilipokaribia Sake na barabara ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Baba, mzee wa miaka 58, alikuwa na ugonjwa wa tansio, yaani damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi. Kule nyumbani alikuwa akinywa kidonge kimoja kila asubuhi, na kadi yake ilikuwa kwenye kituo cha afya cha kijiji. Siku ya kukimbia alibeba mjukuu mgongoni na jembe mkononi. Vidonge vilibaki juu ya meza. Alipofika kambini, kando ya barabara ya Sake, hakuomba vingine. Alisema anajisikia mzima, na kwamba foleni ya dawa waachiwe wenye watoto wagonjwa. Ikapita miezi miwili hivyo.

Asubuhi ile, kwenye saa moja na nusu, mzee alikuwa kwenye foleni ya maji. Usiku alikuwa amelalamika kwamba kifua kinambana. Aliinua bidoni ya lita 20, akapiga hatua tatu au nne juu ya mawe ya volkano, akaanguka. Watu wakakusanyika. Mmoja alimwagia maji kichwani. Mwingine alimpepea kwa kitenge. Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti kubwa. Kijana alifika akikimbia, akapiga magoti, akashika mkono wa baba yake na kumwita. Mzee hakujibu. Lakini kinywa chake kilikuwa kikifunguka na kufunga, kama samaki aliyetolewa ziwani, na sauti ya kukoroma ikatoka mara moja moja.

"Anapumua bado!" watu wakasema.

Wakangoja azinduke. Walipoona hazinduki, wakamweka juu ya pikipiki kati ya dereva na mtoto wake, wakampeleka kwenye hema ya afya. Toka alipoanguka mpaka kufika pale zilipita dakika kama 10. Muda huo wote kuna waliogusa kichwa chake, mikono yake na miguu yake. Kifua hakuna aliyekigusa.

Ndani ya hema kulikuwa na muganga mmoja, mama wa makamo, naye akiwa amekimbia vita kutoka upande wa Rutshuru. Wenzake walikuwa hawajafika kazini. Alimlaza mzee chini, akatafuta mapigo ya damu shingoni, hakuyapata, akaanza kukandamiza kifua. Alipopumzika kidogo alifungua kabati ya dawa. Adrenalini ilikuwa imekwisha. Ampuli ya mwisho alikuwa amemchoma mama mmoja juma lililotangulia, aliyevimba uso na kukosa hewa baada ya sindano ya penisilini. Mama yule alipona. Muganga akachukua karatasi, akaandika jina la dawa, akampa kijana.

"Kimbia Ndosho. Tafuta hii."

Kijana alikimbia. Farmasi ya kwanza ilikuwa imefungwa, wenyewe wako kanisani. Ya pili hawakuwa na dawa hiyo. Ya tatu walikuwa nayo, lakini feza mfukoni haikutosha. Kwanza alibishana bei. Kiisha akaenda kwenye kituo cha pikipiki, akakopa kwa rafiki, akarudi, akalipa. Alipofika hemani zilikuwa zimepita dakika karibu 50, na baba yake alikuwa amefunikwa kitenge cha mama.

"Mama muganga, dawa ndiyo hii."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Hakuna aliyemwomba ile ampuli, wala aliyemwambia aitupe. Akairudisha mfukoni.

Kwenye kilio, maneno hayakukawia. Baba mdogo alisimama mbele ya watu na kusema kwamba dawa ya moyo ilikuwako ndani ya kabati, na muganga aliificha ili aiuze. Wengine wakasema tatizo ni umasikini: tajiri angelichomwa sindano na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Watu wakatikisa kichwa na kukubali, kwani kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyekufa akingoja kitu fulani, iwe damu, gari, karatasi ya kuhamishwa au feza. Kwa mtu aliyeacha shamba, nyumba na ng'ombe, ni rahisi kuamini kwamba kilichomuua ndugu yake ni kile ambacho hakikupatikana. Dawa iliyokosekana haijawahi kushindwa kumponya mtu, kwa sababu haikujaribiwa.

Haikupita muda, yule mama muganga hakuonekana tena kambini. Ilisemekana aliomba kupelekwa mahali pengine, amechoka kuitwa muuaji njiani.

Mwezi wa pili 2025, wakati makambi ya pembezoni mwa Goma yalipobomolewa, kijana alikodi chumba Ndosho na kumchukua mama yake pamoja na wadogo zake wawili. Pikipiki ndiyo iliyowalisha. Kila mara alipopita mbele ya ile farmasi ya tatu aliangalia upande mwingine.

Mambo yalibadilika mwezi wa nane 2025. Wajitoleaji wa msaada wa kwanza walialika waendesha pikipiki kwenye ukumbi wa kanisa moja kwa mafunzo ya siku tatu. Sababu ilieleweka: ajali ikitokea, mwenye pikipiki ndiye anayefika kwanza, na mara nyingi ndiye gari la wagonjwa. Walifundishwa kufunga kidonda kinachovuja damu, kumgeuza mtu ubavu, kumbeba aliyevunjika. Siku ya pili waliletewa mwanasesere wa mpira mkubwa kama mtu, bila mikono wala miguu, wajifunze kukandamiza kifua. Mwalimu wao alikuwa muganga aliyefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha wagonjwa mahututi.

Siku ya tatu kijana alifika na ampuli yake. Alingoja mpaka wengine watoke kunywa chai.

"Dokta, nina swali. Hii ingelifika mapema, mtu angelipona?"

Mwalimu aliishika, akasoma maandishi, akaona kwamba tarehe yake imepita. Hakujibu palepale. Alimwomba kwanza asimulie yote, tangu foleni ya maji. Kijana alisimulia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisimulia habari hiyo bila kuruka sehemu ya kubishana bei.

Kiisha mwalimu akamweleza kazi ya dawa ile. Adrenalini haiwashi moyo kama ufunguo unavyowasha pikipiki. Inachofanya ni kubana mishipa ya damu ya mikono, miguu na tumbo, ili damu kidogo inayosukumwa iende zaidi kwenye mishipa ya moyo wenyewe. Lakini lazima damu iwe inasukumwa. Moyo ukisimama, damu nayo inasimama. Sindano ikichomwa kwenye mshipa wa mkono wa mtu ambaye hakuna anayemkandamiza kifua, dawa inabaki mkononi, kama barua iliyowekwa ndani ya gari lisilo na dereva. Kinachoifikisha dawa moyoni ni mikono ya mtu anayekandamiza.

Tena ampuli moja haitoshi. Kwa mtu mzima ambaye moyo umesimama, waganga huchoma miligramu 1 kila baada ya dakika 3 mpaka 5. Kwa dakika 50 ambazo kijana alikuwa njiani zingelihitajika ampuli 10 au zaidi. Wala hakuna muganga anayeweza kukandamiza kifua peke yake dakika 50. Baada ya dakika 2 tu mtu huanza kulegea bila yeye mwenyewe kujua, ndiyo maana inapaswa kupokezana.

Mwalimu akamweleza pia jambo ambalo watu wengi hawajalisikia. Huko Uingereza, kati ya 2014 na 2017, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Warwick walifuata wagonjwa zaidi ya 8,000 ambao moyo wao ulisimama nje ya hospitali. Nusu walichomwa adrenalini na nusu walichomwa maji ya chumvi tu, bila wachomaji kujua ni ipi. Matokeo yalitangazwa 2018. Baada ya siku 30, waliokuwa hai kati ya waliopata adrenalini walikuwa 3.2 kwa 100. Waliopata maji ya chumvi walikuwa 2.4 kwa 100. Kwa kusema wazi: kati ya watu 1,000, dawa iliongeza watu 8. Wote hao waliangukia katika inchi yenye magari ya wagonjwa, mashine za kushtua moyo kwa umeme na wafanyakazi waliosomea kazi hiyo. Hata hivyo, kwa makundi yote mawili, karibu 97 kati ya 100 walikufa.

Tena kati ya wale waliookoka kulikuwa na tofauti nyingine. Waliorudi na ubongo ulioharibika vibaya, wasioweza kujihudumia, walikuwa 31 kwa 100 upande wa adrenalini, na karibu 18 kwa 100 upande wa maji ya chumvi. Dawa iliweza kuuamsha moyo wa mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umekaa muda mrefu mno bila damu. Waliorudi na akili nzuri walikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Wataalamu walewale waliweka hesabu moja ambayo mwalimu aliiandika kwa chaki ubaoni, wenzake kijana wakiwa wamekwisha kurudi na vikombe mikononi. Ili mtu mmoja zaidi aokoke, adrenalini inabidi ipewe watu 112. Kama ni waliopo kukandamiza kifua mara moja, inatosha kufanya hivyo kwa watu 15. Kama ni mashine ya kushtua moyo kufika mapema, watu 5.

Ukumbi ulinyamaza. Mmoja akauliza kuhusu dawa nyingine, zile ambazo watu husikia majina yake hospitalini. Mwalimu akazipitia moja moja. Amiodaroni na lidokaini zinasaidia tu kwa moyo unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu, na zinatolewa pale mashine imekwisha kushtua mara tatu bila kufaulu. Penye kukosekana mashine hazina mahali. Atropini ilikuwa ikichomwa karibu kila mara, lakini tangu 2010 iliondolewa kwenye utaratibu wa kawaida kwa sababu haikuonekana kuleta faida. Kalsiumu ilijaribiwa Denmark, na matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha kwamba waliopewa hawakufanya vizuri zaidi. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kwisha. Inabaki na kazi kwa wagonjwa maalumu, kama wale ambao figo zimekufa na chumvi ya potasiumu imejaa kwenye damu. Na kama moyo umesimama kwa sababu mama amemwaga damu nyingi wakati wa kuzaa, hakuna sindano ya moyo itakayoshika nafasi ya damu. Ni kuzuia kule kuvuja na kurudisha damu.

"Kwa hiyo adrenalini ni ya bure?" akauliza mwingine.

Hapana, mwalimu akasema. Inapaswa kuwa kwenye kila kituo cha afya. Mtu anayevimba na kukosa hewa baada ya sindano au kuumwa na nyuki, adrenalini ikichomwa upesi kwenye nyama ya paja inamwokoa, na hapo haina mfano. Hata kwa moyo uliosimama inachomwa, na inavyochomwa mapema ndivyo inavyofaa. Lakini inakuja nyuma ya mikono. Haiwezi kutangulia.

Kijana alipaswa kutoka pale akiwa mwepesi. Hakuua kwa kubishana bei. Ampuli ingelifika dakika 10 mapema, au 20, haingelibadilisha jambo. Lakini alipofika nyumbani alikaa juu ya pikipiki yake mlangoni mpaka giza likaingia, kwa sababu mzigo mmoja ulipotoka mwingine uliingia. Alijiona tena amepiga magoti juu ya mawe, ameshika mkono wa baba yake. Mikono yake miwili ilikuwa pale tangu dakika ya kwanza. Ule mdomo uliokuwa ukifunguka kama wa samaki haukuwa kupumua. Mwalimu aliwaonyesha: ni dalili ya moyo uliosimama, inayoweza kudumu dakika kadhaa, na ndiyo inayowadanganya watu wengi wakasimama kungoja.

Kesho yake alimfuata mwalimu.

"Kumbe nilikuwa nimeshika mkono, Dokta. Ningelishika kifua."

"Nani alikuwa amekufundisha?"

"Hakuna."

"Basi usijihukumu kwa somo ambalo hukupewa," mwalimu akamwambia. "Wala usijidanganye kwamba ungelimrudisha. Pengine ndiyo, pengine hapana. Wengi hawarudi hata wakikandamizwa vizuri. Ila sasa unajua. Mtu wa kesho hatakukuta vilevile."

Jioni hiyo alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza akichambua maharage, hakuinua macho. Alipomaliza akasema neno moja tu: "Yule mama wa watu tulimtukana bure." Hakumtaja baba mdogo. Alisema tulimtukana, na kijana akajua kwamba yeye naye yumo, kwa kuwa siku ya kilio hakufungua kinywa kumtetea.

Kumtafuta muganga kulichukua majuma mawili. Wakampata kwenye kituo kidogo upande mwingine wa mji, amevaa blauzi nyeupe ileile. Alimtambua kijana kabla hajajitaja, akarudi nyuma hatua moja. Mama ndiye aliyetangulia kusema. Aliomba msamaha kwa jina lake, kwa jina la marehemu na kwa jina la familia. Muganga aliwapa viti. Akanyamaza muda mrefu.

"Na mimi nina neno," akasema mwishowe, akimwangalia kijana. "Siku ile nilikuwa peke yangu. Nilikandamiza mpaka mabega yakafa ganzi. Nilikuwa naona kwamba nguvu zinaisha na kifua hakishuki tena vizuri. Na wewe ulikuwa umesimama pale, kijana mwenye nguvu, mikono mitupu. Nikakupa karatasi. Ningelikupa kifua."

Kijana hakupata la kujibu.

"Tulifundishwa kwamba mgonjwa wa moyo anahitaji adrenalini," akaendelea. "Nikaona kabati tupu, nikaona kama nisipotuma mtu nitakuwa sikufanya kitu. Lakini ningelikuonyesha kwa sekunde 10, tungelipokezana. Mimi dakika 2, wewe dakika 2. Jambo hilo limenikaa. Mimi pia sikulala, mwanangu."

Kulikuwa na watu wengine kwenye benchi wakingoja, na mtoto mmoja akilia. Kijana akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua, akamkabidhi ampuli. Muganga aliisoma tarehe, akasema haifai tena kwa mtu yeyote, akaitumbukiza kwenye kisanduku cha sindano zilizotumika. Ikagonga chini. Akamuuliza kama wale wajitoleaji wanaweza kufika na huku, kwa wanaume wa foleni ya maji na akina mama wa soko.

Kabla hawajaondoka, alimvuta mama pembeni na kumfunga kitambaa cha kupima tansio mkononi. Ilikuwa juu. Mama alicheka kidogo, akasema anajisikia mzima.

"Ndivyo alivyosema mzee," akajibu kijana.

Hilo ndilo neno ambalo ampuli ilikuwa imelificha miezi yote ile. Watu walibishana kuhusu sindano ya dakika ya mwisho, hakuna aliyetaja vidonge vilivyobaki juu ya meza Masisi. Hakuna awezaye kuapa kwamba vingelimwokoa mzee asubuhi ile. Lakini tansio isiyotibiwa ni moja ya njia kubwa zinazoufikisha moyo wa mtu mzima mahali pa kusimama, na haina maumivu ya kumwonya mwenyewe. Mtu hukimbia vita na mtoto, na sufuria, na godoro. Kadi ya hospitali na vidonge ni vyepesi kuliko vyote hivyo, na ndivyo vinavyosahauliwa. Anayefika kambini au kwa jamaa bila dawa zake za tansio au za sukari anapaswa kusema siku ya kwanza, hata kama foleni ni ndefu, hata kama anajisikia vizuri. Kumwachia nafasi mtoto mgonjwa ni moyo mwema. Lakini mtoto huyo naye atahitaji babu.

Sasa mama anakunywa kidonge kila asubuhi, na kijana ndiye anayehesabu vilivyobaki. Vikifika 7 anakwenda kuomba vingine. Ndani ya kile kopo la maziwa kuna vidonge, na kadi iliyofungwa kwenye plastiki ili mvua isiiharibu, tayari kubebwa.

Kwenye kituo chake cha pikipiki, waendeshaji 9 wamepita mafunzo, na kila siku ya posho asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi, wanakumbushana juu ya gunia lililojazwa nguo za zamani. Wameyapunguza mafundisho mpaka yakawa mambo machache ambayo mtu hawezi kusahau kwa hofu. Mtu mzima akianguka ghafula, mwite kwa sauti na umtikise mabega. Kama hajibu, na hapumui kawaida, au anakoroma mara moja moja kama samaki, usingoje azinduke. Tuma mmoja akaite muganga na kutafuta usafiri. Mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja cha mkono katikati ya kifua, mkono mwingine juu yake, viwiko vimenyooka. Kandamiza kwa nguvu, kifua kishuke sentimita 5 mpaka 6, kiachie kirudi chote, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja. Usiogope kumwumiza, mbavu zikivunjika zitaunga. Kila dakika 2 mpokezane. Asiyejifunza kupuliza hewa mdomoni akandamize tu bila kuacha. Kwa mtoto, au kwa mtu aliyezama majini, hewa inahitajika pia, na anayejua kupuliza apulize. Msiache mpaka muganga afike, au mtu aanze kupumua, au nguvu ziwaishie.

Na muganga akiandika dawa kwenye karatasi, atumwe mmoja tu. Wengine wabaki, wapokezane kwenye kifua.